KUUZA DHAHABU YA BIBI SIYO DHAMBI, DHAMBI NI KUTOJUA ALIPEWA NA NANI

Haya wadau, mitandaoni kumechafuka. Staa mmoja wa kike, jina kapuni, kaposti video akiwa dukani kwa sonara. Bangili sita za dhahabu ya zamani ziko juu ya mzani, sonara anasoma gramu, dada anacheka. Video inaruka, anaonekana na cheni mpya nene yenye herufi ya kwanza ya jina lake. Chini kaandika: "Bibi kaboreshwa."

Basi hapo ndipo moto ulipowaka. Watu wakagawanyika pande mbili kama Simba na Yanga.

Upande wa kwanza ni Timu Laana. Hao wanasema dada kauza ukoo, mzimu wa bibi utamfuata, cheni itamkaba, na mengine ambayo hayafai kuandikwa mchana. Upande wa pili ni Timu Mali Yake. Hao wanasema dhahabu ni yake, bibi kashakufa, maisha ni sasa, waliokasirika wakanunue zao.

Katikati ya matusi yote hayo, kuna mtu mmoja aliuliza swali dogo sana: "Hizo bangili bibi alipewa na nani?"

Dada akajibu: "Sijui, za zamani tu."

Swali likapita, jibu likapita, watu wakarudi kutukanana. Laiki 9 tu. Wakati kesi nzima ilikuwa hapo hapo.

TIMU LAANA, TULIENI KWANZA

Nyie mnaosema dhahabu ya bibi haiuzwi, nani kawaambia? Muulizeni mwanamke yeyote mtu mzima wa Tanga, Unguja, Mombasa au Lamu kwa nini mama yake alikuwa na bangili. Atakuambia urembo, ndiyo, lakini atakuambia pia akiba. Mwanamke hakuwa na akaunti ya benki. Shamba lilikuwa na jina la mume, nyumba ilikuwa na jina la mume. Alichokuwa nacho yeye ni kile kilicho mkononi, sikioni na shingoni.

Kwa Waislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, siyo ya baba yake wala ya kaka zake. Akipewa dhahabu ni yake. Akitaka aivae, akitaka aifungie kwenye sanduku, akitaka aiuze. Na waliuza sana tu. Mtoto akilazwa, bangili moja inatoka. Bati likitoboka, hereni zinatoka. Mume akikwama kibiashara, mkufu unakwenda kwa sonara kimya kimya, na mwaka ukiwa mzuri unarudi mwingine. Akiba haiozi, ndivyo wahenga walivyosema, na hizo bangili ndizo zilikuwa akiba yenyewe.

Kwa hiyo bibi mnayemsingizia laana, inawezekana kabisa mwenyewe alikuwa na bangili nane. Mbili zilikwenda kumsomesha mama yake huyo huyo staa.

Kuna familia moja Mbagala, nayo jina kapuni. Mama yao alikuwa na cherehani ya Singer, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu ubavuni. Mtoto wa mwisho alipofaulu kwenda sekondari, ada ikawa hamna, mama akaiuza. Leo ile cherehani hawajui iko wapi. Lakini kaa na mtoto wao yeyote, hata yule wa mwisho, atakusimulia bila kukosea.

Baba yao alikuwa kuli bandarini. Alidunduliza miezi na miezi, akaileta cherehani kwa mkokoteni siku ya mvua. Koti lake kalivua, kaifunika cherehani, yeye kalowa mpaka anatetemeka. Kufika mlangoni, mama akacheka mpaka akakaa chini. Alishamkatalia mara mbili huyo kijana. Siku ile akakubali. Na nguo ya kwanza kushonwa kwenye ile cherehani ilikuwa koti, kwa sababu lile la zamani liliharibika na mvua.

Cherehani imeuzwa. Kuna kilichopotea hapo? Chuma. Baba yupo pale pale mvuani, mama yupo mlangoni anacheka, na wajukuu wanajua walitoka wapi.

Sasa linganisha na "sijui, za zamani tu."

TIMU MALI YAKE, NA NYIE MSIJIFICHE

Hoja yenu ni kwamba dada kalipwa thamani ya mali yake. Haya, tuangalie kalipwa nini.

Sonara anafanya kazi moja. Anapima gramu. Anacheki karati, kama ni 22, 18 au 9, maana karati 24 ndiyo dhahabu tupu na zinazobaki zimechanganywa na madini mengine. Kama kuna jiwe, analitoa au analipunguza kwenye uzito. Halafu anapiga hesabu kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo, anatoa faida yake, anakupa mkwanja. Ufundi wa yule aliyeitengeneza zamani haulipwi, kwa sababu bangili inakwenda kuyeyushwa. Sonara hajamwibia mtu, hiyo ndiyo biashara.

Lakini bangili ya zamani ina vitu ambavyo mzani hauoni. Kuna herufi zimekwaruzwa kwa ndani. Kuna sehemu imebonyea kwa sababu mtoto aliing'ata akiota meno. Kuna moja kati ya zile sita haifanani na wenzake, na hiyo ndiyo ya kuulizia, kwa sababu ya sita huwa imenunuliwa siku nyingine, kwa hela nyingine, pengine na mtu mwingine. Ikishaingia kwenye moto hakuna tena wa kuisoma.

Na msifikiri "ya zamani" peke yake ina maana. Chukua ile sarafu kubwa ya fedha ambayo familia nyingi za pwani wanayo, yenye sura ya mwanamke mnene wa Kizungu. Hiyo ni riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Ukiigeuza utaona mwaka 1780. Basi mjukuu akiiona anaruka, anaiweka mtandaoni, "Inauzwa, ina zaidi ya miaka 200!" Kumbe Maria Theresa alikufa mwaka huo wa 1780, na baada ya hapo viwanda vya sarafu viliendelea kuitoa na mwaka huo huo kwa vizazi na vizazi, kwa sababu wafanyabiashara wa huku na Uarabuni walishaizoea na hawakutaka nyingine. Hiyo ya bibi inaweza kuwa imetengenezwa juzi tu, karne ya 20.

Kwa hiyo mwaka ulioandikwa haukuambii kitu. Angalia kama ina tundu. Sarafu yenye tundu maana yake kuna mtu aliipitisha uzi akaivaa shingoni badala ya kuitumia sokoni. Aliikataa hela ili abaki na kumbukumbu. Ya nani? Hilo jibu linakaa kichwani kwa bibi tu, na kichwa cha bibi kina tarehe ya mwisho.

KANGA ILIYOKUNJWA NI BARUA

Tuache dhahabu, maana wengine watasema kwao hakukuwa na dhahabu. Sawa. Kanga je? Hamna nyumba ya uswahilini isiyokuwa na kanga ya zamani chini ya sanduku, imekunjwa, ina harufu ya nondo na udi, na hairuhusiwi kuguswa.

Kanga ilianza miaka ya mwisho mwisho ya 1800, wanawake wa pwani walipokuwa wananunua vitambaa vya leso na kuviunganisha viwe nguo moja. Maneno yalikuja baadaye, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa hizi herufi za kawaida. Mombasa ndiko alikokuwa mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zinajulikana mpaka leo kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Kanga ya zamani yenye alama hiyo, fundi wa kusoma kanga anaweza kukuonyesha mengi.

Na kila kitu kwenye kanga kina kazi. Pindo linazunguka, mji uko katikati, jina liko chini. Mwanaume wa zamani akienda kumnunulia mchumba kanga alikuwa anasoma jina kwanza ndipo aangalie rangi, kwa sababu akikosea jina anaweza kuachwa. Mke naye akikasirika haongei, anavaa kanga yenye jina lake, anapita mbele ya mume mara tatu, ujumbe umefika. Mambo ya kublokiana na kuweka stetasi za mafumbo mnayofanya sasa hivi, bibi zenu walishafanya kwa kitambaa.

Halafu kanga inauzwa doti, vipande viwili. Ukikuta kipande kimoja tu sandukuni, usiseme kingine kimepotea. Uliza. Kuna wanawake waligawana doti na mashoga zao wa damu. Kuna mama alimpa binti kipande siku anaolewa mbali, yeye akabaki na kingine. Kuna mume alizikwa, na mke akakataa kuvaa kipande kilichobaki. Kama ni kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi, basi hapo umeshika siku ya harusi yenyewe mkononi.

Sasa wajukuu mnafanya nini? Mnaivaa kwenye picha za besdei, mnaandika "kanga ya bibi", mnapiga pozi. Ukiulizwa jina lake linasema nini, hujui, kwa sababu hukusoma. Wengine ndiyo vituko kabisa. Kuna mwanamitindo mmoja kaposti "kanga ya bibi yangu tangu enzi za ukoloni", watu wakalia kwenye komenti, halafu muuza kanga wa Kariakoo akatokea kusema hiyo ilitoka mwaka jana na stoo bado zipo, doti kwa bei ya jumla. Aibu hiyo mtu kajitafutia mwenyewe. Bibi yake wa kweli yupo hai, anaishi na binamu zake, na hajawahi kuulizwa kitu.

WANAOPENDA MAMBO YA KIZUNGU, NA HUKO STORI NDIYO INAVALIWA

Najua watakaosema haya ni mambo ya kishamba. Basi twende Uingereza, kwa wale mnaowaiga mpaka rangi ya keki.

Pete ya Princess Diana, ile yenye jiwe la yakuti samawi la bluu, ilichaguliwa mwaka 1981 kwenye duka la Garrard la London. Haikutengenezwa kwa ajili yake, ilikuwa kwenye katalogi, yaani mtu yeyote mwenye hela angeweza kuinunua, na kuna waliona si hadhi ya binti wa mfalme mtarajiwa. Ndoa yenyewe ilikuwa mbaya, dunia nzima ilishuhudia. Talaka ikatoka 1996, na Diana akafa kwa ajali Paris 1997.

Oktoba 2010 mwanaye William akaja Kenya na mpenzi wake Kate, na huko huko Kenya akamvisha pete hiyo hiyo. Mwenyewe alieleza kwenye mahojiano ya televisheni kwamba alitembea nayo kwenye begi la mgongoni kama wiki tatu na hakutaka kuiachia hata kidogo, na kwamba alitaka mama yake asikose furaha ile.

Angalieni vizuri. Yule kijana ana uwezo wa kununua jiwe lolote duniani. Kachagua pete ya ndoa iliyovunjika. Hakuificha talaka, hakusema mama na baba walipendana mpaka mwisho. Kaichukua stori nzima na machozi yake.

Na Waswahili tuna kubwa kuliko hiyo. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, aliyezaliwa 1844. Alipendana na jirani yake Mjerumani, mfanyabiashara Rudolph Heinrich Ruete. Mimba ikaingia, na enzi zile hilo lilikuwa suala la kufa na kupona. Mwaka 1866 akatoroka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza mpaka Aden. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa, akahamia Hamburg na jina jipya la Emily. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu kwenye nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake. Alikufa 1924.

Inasimuliwa kwamba kwenye vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar, na akazikwa nacho.

Binti wa sultani, kakulia kwenye dhahabu, na kitu alichokitunza ni mchanga. Mpelekeeni sonara apime gramu. Mtu asiyejua stori angeumwaga nje akafua kifuko. Kwa sababu Salme aliandika na watu wakasimulia, leo mpaka mtoto wa shule ya Unguja anaweza kukuambia ule mchanga ulikuwa na maana gani.

PETE YA MAMA INAYOZUNGUKA KAMA DALADALA

Sasa kuna upande mwingine, na hapa wanaume mkae mkao wa kula. Mwanamuziki mmoja, jina kapuni, ana pete aliyoachiwa na marehemu mama yake. Alimvisha mchumba wa kwanza, akaandika maneno ya kuliza watu. Wakaachana, akaidai. Akamwoa wa pili, pete hiyo hiyo, maneno karibu yale yale. Wakaachana, akaidai tena, safari hii kwa kelele, eti mwanamke anataka kumwibia kumbukumbu ya mama. Sasa yuko na wa tatu. Mashabiki wanasema pete ina nyota mbaya. Pete haina kosa lolote.

Kwanza, sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema mwenzi akimpa mwenzake zawadi wakiwa ndani ya ndoa, inachukuliwa kwamba kitu hicho sasa ni mali ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Zawadi za uchumba ndizo zinaweza kudaiwa mahakamani kama ndoa haikufungwa, na hata hapo lazima mahakama iridhike kwamba aliyetoa alitoa kwa sharti la kuoana. Kwa hiyo kama yule wa pili alipewa akiwa mke halali, mwenye kesi ngumu siye yeye. Wanaume wengi wanaotamba na "nirudishie pete ya mama" hawajawahi hata kusikia hilo.

Pili, na hili ndilo baya zaidi. Katika wanawake watatu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa mama aliipataje ile pete. Waliambiwa tu "ni ya mama, itunze", kama mtu anavyokabidhi funguo za gari. Mama mwenyewe alipewa na nani? Baba wa huyo msanii? Maana watu wa mtaani kwao wanajua mama alilea peke yake. Je, kama alijinunulia mwenyewe, kwa hela ya kuuza vitumbua, siku alipomaliza kujenga? Basi hiyo ingekuwa stori kubwa kuliko ya mchumba yeyote, na pengine ndiyo pete ambayo ilitakiwa imkumbushe mwanaye jinsi ya kukaa na mwanamke. Lakini hajui, kwa hiyo anaitumia kama kamba ya kumfungia mtu.

SIKU YA MSIBA HAKUNA ANAYEULIZA

Mwingine atasema stori ni porojo, haijazi tumbo. Akae kwenye msiba mmoja tu aone.

Arobaini haijafika, shangazi wako chumbani wanafungua kabati. Huyu kanga, huyu vitenge, huyu hereni. Mashemeji wako sebuleni wanahesabu viti. Mjane yuko kwenye mkeka, kainama, na vitu vyake vinatoka mlangoni kwa jina la "mali ya kaka yetu". Cherehani aliyoinunua mwenyewe inatoka. Sanduku alilokuja nalo kutoka kwao linatoka.

Hii siyo hadithi ya kutunga mitandaoni. Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 nchini Tanzania inamweka mjane pembeni kwenye mirathi ya mumewe kama ndugu wa ukoo wapo. Wajane wawili wa Kitanzania waliofukuzwa na mashemeji walipigana mpaka kesi yao ikafika Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia haki za wanawake ikasema haki zao zimevunjwa.

Sasa fikiria nyumba ambayo stori zilisimuliwa. Watoto wote wanajua, majirani wanajua, hata mashemeji wenyewe wamesikia mara ishirini kwenye sikukuu kwamba sanduku lile ni la mama, alipewa na bibi yake, na bangili zile alijinunulia. Nani atasimama mbele ya watu wote hao aseme ni mali ya kaka? Atakayejaribu atapata mashahidi hamsini wa kumpinga. Stori iliyosimuliwa hadharani inamlinda mwenyewe. Iliyokaa kimya inamwachia shangazi mwenye mkono mrefu.

STORI SIYO LAZIMA IWE NA SUKARI

Onyo moja kwa wale ambao kesho wataamka na kamera kwenda kumhoji bibi wakitarajia filamu ya Kifilipino.

Bibi anaweza kukuambia kwamba zile bangili alipewa na mwanaume ambaye siye babu yako. Anaweza kukuambia aliolewa na miaka 14, alilia siku nzima, na dhahabu aliiona kama pingu. Anaweza kukuambia mapenzi yalikuja baada ya mtoto wa nne, au hayakuja kabisa. Anaweza pia kukuambia "hilo silisemi", na hapo unanyamaza, unamshika mkono, unaleta chai. Ni maisha yake. Hakuzaliwa ili upate laiki.

Kitu cha aibu ni pale wajukuu wanaposikia ukweli halafu wanaupaka rangi, wanaandika "bibi na babu, mapenzi ya kweli, miaka 60", wakati bibi alikuwa anapigwa na kila mtu mtaani alijua. Hapo unakuwa umemzika mara mbili. Kama stori ni chungu, iachwe na uchungu wake. Binti atakayeivaa hiyo bangili kesho anahitaji kujua, labda imwokoe na mwanaume wa namna ile ile.

Na wazee nao wabebe lawama zao. Mnafungia masanduku mnasema "mtajua nikifa". Watajua nini, mama? Ukifa watajua gramu.

FANYENI HIVI

Wenye bibi hai wana bahati na hawana muda. Hamuhitaji kamera. Simu uliyoshika ina kinasa sauti. Nenda siku isiyo na sherehe, keti naye chini, mwombe akufungulie sanduku mwenyewe kwa mkono wake. Mpe kitu kimoja kimoja. Muulize: Shikamoo bibi, hiki ulipewa na nani? Ulikuwa unakaa wapi siku hiyo? Ulikuwa umevaa nini? Ulimjibuje? Ungependa nani akichukue? Halafu funga mdomo, usimkatishe.

Ukimaliza, chukua karatasi, andika jina lake kamili, siyo "bibi" tu, andika na aliyempa, andika alivyosema, kitie ndani ya kitu hicho. Mpelekee sauti mama yako na ndugu zako wawili watatu, ili simu ikiibiwa kwenye mwendokasi stori isiibiwe nayo.

Baada ya hapo ada ikikwama, uza. Mgonjwa akilazwa, uza. Nenda kwa sonara kichwa juu, maana bibi mwenyewe ndivyo alivyofanya, na hata ukitaka cheni yenye herufi ya jina lako, katengeneze. Ila siku mtu akikuuliza ile dhahabu ilitoka wapi, uwe na cha kumjibu.

Yule staa wa bangili sita bado ana nafasi. Watu wa karibu yake wanasema mama yake mdogo yupo, ana akili zake zote, na ndiye aliyemuuguza bibi mpaka mwisho. Nauli ya kwenda huko ni ndogo kuliko alichomlipa mpiga picha wa ile video. Akienda, asiende na mpiga picha.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu sandukuni kuna nini, na nani alimpa nani? Tupia hapo chini. Ambaye hajui asidanganye, apige simu kwanza halafu arudi.